Hesabu Inayoacha Watoto Nje: Takwimu na Haki katika Shule za Kakanda

Nchi yetu ya Kongo haijafanya sensa ya watu tangu mwaka 1984. Ukiuliza leo Kakanda, upande wa Likasi, kuna watoto wangapi wenye umri wa kwenda shule, utapewa makadirio tu. Lakini maamuzi hayangoji sensa. Darasa jipya lijengwe kartie gani, madaftari ya msaada wapewe nani, mwalimu gani aombewe mshahara wa Serikali: yote haya huamuliwa kila mwaka kwa hesabu fulani, iwe imeandikwa au iko kichwani mwa mtu mmoja.

Jambo hili linayagusa makanisa moja kwa moja. Tangu mkataba wa mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule nyingi za umma zinasimamiwa na makanisa, na za Kiprotestanti ziko chini ya ECC. Serikali hulipa walimu, sisi tunasimamia. Kwa hiyo rejista iliyoko mezani kwa direkta wa shule ni yetu pia.

Tunaposema takwimu hatusemi kompyuta. Tunasema habari zilizokusanywa kwa utaratibu uleule, siku baada ya siku, hata mtu mwingine akizisoma apate jibu moja. Na tunaposema uamuzi wa haki hatusemi kumpa kila mtu kipande sawa. Tunauliza kwanza nani yuko nyuma, na kitu gani kimemweka huko.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule ina wanafunzi 120 wa darasa la 4, na 72 kati yao wanaweza kusoma habari fupi. Hiyo ni asilimia 60, na katika ripoti inapendeza. Sasa tuwatenge kwa makazi. Watoto 70 wanatoka nyumba zenye mshahara wa kila mwezi: 54 wanasoma, yaani asilimia 77. Watoto 50 wanatoka kwa wachimbaji wa mikono: 18 tu wanasoma, asilimia 36. Shule ni ileile na walimu ni walewale. Kamati iliyoona 60 peke yake ingenunua vitabu na kuvigawa sawasawa kwa wote. Iliyoona 77 na 36 itauliza kwanza wale 50 wamekosa siku ngapi za masomo, na katika miezi gani.

Hapo ndipo rejista ya kila siku inapokuwa na thamani kuliko fomu yoyote ya wafadhili. Mtoto anayekosa kila wakati wa mvua kubwa huenda ana kivuko kibaya njiani. Anayekosa siku ya soko au siku ya kuosha mawe ana shida nyingine. Msichana anayekosa siku chache kila mwezi ana shida ya tatu, na dawa yake ni choo chenye mlango na maji. Anayehesabu waliokosa bila kuandika sababu atawapa wote watatu dawa moja.

Lakini rejista ina upofu wake: haimwoni mtoto asiyeandikwa. Elimu ya msingi bila ada imo katika Katiba ya 2006, na ilianza kutekelezwa kweli kwa mwaka wa shule wa 2019-2020. Madarasa yalijaa, na wengi tukadhani kwamba watoto wote wameingia. Hilo haliwezi kujulikana kwa kuhesabu waliomo darasani. Uwezo, kazi iliyoanza mwaka 2009 Kenya, Tanzania na Uganda kwa kufuata mfano wa India, ilichagua njia nyingine: watu wa kujitolea walikwenda nyumba kwa nyumba, wakampa kila mtoto jaribio dogo la kusoma na kuhesabu la kiwango cha darasa la 2, awe anasoma shule au hasomi. Wazazi waliambiwa matokeo palepale. Parokia yenye vijana kumi na madaftari matano inaweza kufanya hivyo katika kartie moja kwa Jumamosi mbili.

Wasomaji wa Biblia wanakumbuka kwamba katika kitabu cha Hesabu, sura ya 26, nchi iligawanywa kwa kufuata hesabu ya wanaume wa miaka 20 na zaidi. Sura inayofuata, binti watano wa Selofehadi wanasimama mbele ya Musa kudai fungu la baba yao, na kanuni inarekebishwa. Wao wenyewe ndio waliolisema pengo lile. Kwa sababu hiyo tunashauri kwamba matokeo ya hesabu yasomwe kwanza mbele ya waliohesabiwa, mama wa kartie na wachimbaji wakiwemo, kabla ya kupelekwa kwa mfadhili. Wataona kosa ambalo kamati haiwezi kuliona.

Yasomwe matokeo, si majina. Desturi ya kutangaza ibadani majina ya yatima waliosaidiwa, au kupiga picha ya orodha na kuituma kwa WhatsApp, tungependa iishe. Orodha ya wasichana waliopata mimba au ya watoto wenye ugonjwa ikitoka nje haiwezi kurudishwa. Kodi ya dijitali ya nchi yetu, yaani sheria ya mambo ya dijitali ya Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Mpe kila mtoto namba. Daftari la majina likae kwenye sanduku lenye kufuli. Na kundi likiwa dogo mno, tuseme watoto 4 wasiosikia vizuri, asilimia haina maana na kila mtu atawatambua. Afadhali kuzungumza na kila familia.

Kuna kishawishi kingine. Msaada ukitolewa kwa kichwa cha mtoto, vichwa huongezeka katika karatasi. Tunalijua hilo kutokana na orodha za mishahara ya walimu, ambako majina hewa yamekaa huku walimu halisi wakifundisha miaka mingi bila kulipwa kwa sababu hawajaingizwa. Dawa si ukali. Mtu wa shule nyingine na ahesabu, siku isiyotangazwa, kisha hesabu mbili zilinganishwe.

Kwa Kakanda faida yake ni kubwa, kwa sababu ni mahali pa shaba na kobalti. Kodi ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaagiza kwamba asilimia 15 ya mrabaha iende kwa utawala wa mahali mgodi ulipo, na tena kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka. Wenyeji wana haki ya kusema fedha hizo zifanye nini. Anayefika mkutanoni na malalamiko atasikilizwa kwa adabu. Anayefika na karatasi moja inayoonyesha watoto wangapi wa kartie fulani wanatembea zaidi ya saa moja kwenda shule, waliohesabiwa na nani na lini, atalazimu wajibu swali lake. Karatasi hiyo iandaliwe kabla mpango wa mwaka haujapitishwa, na nakala yake ibaki kwa direkta wa shule.