Paa wa Thumni Moja

Mwenzangu mmoja hupenda kulalamika kwamba hekaya zetu hazina mapenzi ya watu wazima. Vijana wana riwaya zao tele, anasema, na wazee wana nasaha. Sisi wa makamo, wenye miwani na vidonge vya presha, hatuna hata jini mmoja wa kutuozesha! Tulikuwa barazani kwangu, Mji Mkongwe, kahawa imeshabaki machicha. Nikamwambia ipo hekaya, tena imechapwa tangu 1870.

Ni ile ya Sultani Darai. Aliyeichapa ni Edward Steere, mmishonari wa Kiingereza aliyefika Unguja 1864, akaja kuwa askofu, na kaburi lake limo ndani ya kanisa la Mkunazini, pale palipokuwa na soko la watumwa. Kitabu chake, Swahili Tales, kilitoka London, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza ukurasa wa pili. Yeye aliandika tu. Waliosimulia ni watu wa hapa, na ukikisoma kwa sauti bado unawasikia.

Maskini mmoja kazi yake kuchakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja akaokota thumni, yaani sehemu ya nane ya riali (bibi zetu walikuja kuiita hivyo senti hamsini), akanunua paa. Watu wakamcheka, chakula chake mwenyewe kinamshinda! Msimulizi hatutajii umri wa bwana huyu, lakini mimi kila nikimsoma namwona mtu wa makamo, aliyekwisha kuacha kutazamia makubwa. Usiku analala na paa wake, na ghafla paa anasema. Anaomba ruhusa akalishe porini, jioni atarudi. Na jioni anarudi kweli.

Mengine mnayajua. Paa anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani wa nchi nyingine, anamposea bwana wake binti wa sultani. Anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kuitwaa nyumba yake, ili bwana harusi asije akaumbuka kwa kukosa pa kumweka mke.

Hekaya nyingi zingekomea kwenye harusi. Hii ikifika harusini bado ina safari. Paa anaugua. Anamtuma bibi kizee kwa bwana, na bwana anajibu: mpikieni uji wa mtama mwekundu. Mtama ule wa bei rahisi, na ghalani kumejaa vya kila namna. Mke anashangaa, anamsihi mumewe, huyu si ndiye aliyetuleta hapa? Mume anasema paa mwenyewe kamnunua kwa thumni. Hapo ndipo ninapofunga kitabu kidogo kila mara. Mtu aliyelala jaani na rafiki mmoja tu duniani, leo anamkumbuka kwa bei.

Binti wa sultani ndiye anayempelekea mgonjwa uji mzuri kwa siri, na nguo laini ya kujifunika, na mto mdogo. Kwangu mimi mapenzi ya hekaya hii yamo kwenye mto ule. Haukumwokoa, paa akafa, na bwana akaamuru atupwe kisimani. Mke akampelekea baba yake habari, sultani akaja kuzika kwa heshima. Kisha usiku mmoja mke anaota yuko kwao, anaamka, yuko kwao kweli. Mume anaota anachakura jaani. Naye anaamka.

Sasa niseme kwa nini nilikitoa kitabu kabatini. Mimi na mwenzangu huyu tulianza chuo pamoja, tuna miaka 7, tukishea msahafu mmoja. Leo tuna 52. Edda yangu imemalizika miaka mingi, yeye alimzika mkewe kabla ya korona, na mwezi uliopita, katikati ya mazungumzo ya bei ya nazi, kaniuliza kama naona vibaya tukioana. Skumjibu. Watu wananiambia una bahati, utaolewa na rafiki yako. Hiyo ndiyo hofu yangu khasa! Paa naye alikuwa rafiki, mpaka nyumba ikapatikana. Nimeona urafiki ukidumu barazani miaka 40 na kitu. Ndani ya nyumba, pakiwa na ugonjwa na hasira za asubuhi, sijauona.

Basi nilipomaliza kumsomea, nikamuuliza, "Na mimi nikiugua?"

Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu. "Wewe hupendi uji," akasema. "Tangu chuoni hupendi uji. Ntakupikia mchuzi wa samaki, pilipili kidogo, ndimu nyingi."

Nikamwambia arudi Ijumaa, aje na kaka yake.