Kura ya Kumwondoa Kiongozi: Mkono Juu au Sanduku?

Mwingereza John Speke alipofika Bweranyange mwaka 1861, Omukama Rumanyika alimsimulia jinsi alivyokipata kiti baada ya baba yake, Dagara, kufariki. Ndugu watatu walikuwa wakikigombea. Wakuu wa nchi wakaweka chini ngoma ndogo, yenyewe nyepesi kama unyoya, lakini wakaitia dawa ikawa nzito hata asiyestahili asiweze kuinyanyua. Rumanyika akainyanyua kwa kidole kidogo. Ndugu yake Rogero hakukubali matokeo, akaendelea kupigana.

Kila mtu aliona nani kainua ngoma. Lakini walioitia dawa ni akina nani, na walikubaliana nini kabla ya siku ile, hilo halikusimuliwa. Basi swali la nini kifanyike hadharani na nini kifanyike faraghani, pale watu wachache wanapoamua nani aongoze, ni la zamani sana katika nchi hii ya Karagwe.

Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Siku hizi wanaoamua ni madiwani katika halmashauri na wabunge kule Dodoma. Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, tukawa na mabaraza mawili badala ya moja, yaani wenyeviti wawili wa kuchaguliwa na, ikibidi, wawili wa kuondolewa. Je, hao wanaoondoa wapige kura ya siri au ya wazi?

Tusiende mbali kutafuta mfano. Twende Bukoba Mjini. Kuanzia mwaka 2012 Baraza la Madiwani la Manispaa lilipasuka kwa sababu ya miradi, hasa ujenzi wa soko na upimaji wa viwanja. Upande mmoja alikuwa Meya, Dk. Anatory Amani. Upande wa pili alikuwa Mbunge, Balozi Khamis Kagasheki. Wote wawili ni wa chama kimoja, CCM. Baadhi ya madiwani wa CCM wakaungana na wenzao wa upinzani kutia sahihi za kumkataa Meya. Agosti 2013 Halmashauri Kuu ya CCM ya Mkoa wa Kagera ikawafukuza uanachama madiwani wanane.

Sikiliza vizuri hapo. Diwani akipoteza uanachama wa chama kilichomdhamini, udiwani nao umekwenda. Kwa hiyo watu wanane waliochaguliwa na wananchi wa kata zao walikuwa karibu kupoteza viti hata kabla ya kura yenyewe kupigwa. Kilichowaponza ni sahihi. Makao makuu ya chama yakausitisha uamuzi ule, na Januari 2014, baada ya taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kusomwa pale pale Bukoba, Meya akatangaza kujiuzulu. Lakini kila diwani wa mkoa huu alikuwa ameshajifunza bei ya kuandika jina lake kwenye karatasi ya namna ile.

Bungeni mambo hayakuwa tofauti sana. Ibara ya 53A ya Katiba, iliyoingizwa mwaka 1992 tulipokuwa tunaingia mfumo wa vyama vingi, inataka hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu itiwe sahihi na wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wote, na taarifa itolewe kwa Spika siku 14 kabla. Aprili 2012 Zitto Kabwe alikusanya sahihi zaidi ya 70 dhidi ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Wa CCM waliothubutu kutia sahihi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, mmoja wao marehemu Deo Filikunjombe wa Ludewa. Spika Anne Makinda akasema siku 14 hazijatimia, na kura haikupigwa. Mwanzoni mwa Mei Rais Kikwete akalipangua Baraza la Mawaziri, Pinda akabaki.

Kwetu kura ya namna hii haijawahi kumng'oa Waziri Mkuu. Edward Lowassa aliondoka Februari 2008 kwa kujiuzulu, na Spika Job Ndugai naye alijiuzulu Januari 2022. Mambo humalizwa ndani, sisi wananchi tukasomewa barua.

Jaribio kubwa la nchi hii kuhusu siri na uwazi lilifanyika mwaka 2014, katika Bunge Maalum la Katiba. Ni kweli pale hapakuwa na kiongozi wa kuondolewa. Lakini wajumbe walibishana kwa wiki kadhaa juu ya kanuni za upigaji kura, wengine wakisema mjumbe ana haki ya kulindwa, wengine wakisema mwenye msimamo hajifichi. Mwisho wakakubaliana kwamba kila mmoja achague mwenyewe. Ukisikia harakaharaka ni suluhu ya haki. Lakini ukiruhusiwa kupiga kwa siri au kwa wazi, na wenzako wa chama wote wamesimama kusema "ndiyo" kwa sauti, wewe ukiomba karatasi ya siri umeshajitaja! Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, alichagua uwazi, akasimama akakataa ibara kadhaa. Siku chache baadaye, Oktoba hiyo hiyo, Rais Shein alimwondoa katika wadhifa wake, na watu wakaunganisha wenyewe.

Afrika Kusini ilipita njia nyingine. Juni 2017 Mahakama ya Katiba ilisema Spika anayo mamlaka ya kuamua kura ya kutokuwa na imani na Rais iwe ya siri. Tarehe 8 Agosti wabunge wakapiga kwa siri kuhusu Jacob Zuma. Waliotaka aondoke walikuwa 177, waliomtetea 198, na 9 hawakuegemea upande. Vyama vya upinzani vyote kwa jumla vilikuwa na viti 151. Maana yake wabunge wa ANC wasiopungua 26 walimkataa Rais wao, na hakuna aliyeweza kuwanyooshea kidole. Zuma hakuanguka siku ile, lakini chama chake kilijua kwamba nyumba ina ufa, na Februari 2018 kikamtaka aondoke.

Wapo watakaonijibu kwa mfano wa Kenya. Oktoba 2024 Bunge la Taifa lilimpigia kura Naibu Rais Rigathi Gachagua kwa uwazi, 281 kwa 44, na baadaye Seneti ikamwondoa. Kila Mkenya alijua mbunge wake kasimama wapi. Hoja hiyo ni nzito, nami siidharau, maana siri humficha mwoga na humficha vilevile aliyenunuliwa. Mkono mtupu haulambwi, na diwani aliyepokea bahasha usiku atalipenda sana sanduku la kura asubuhi.

Hata hivyo, bajeti ya zahanati na sheria ndogo ya ushuru wa kahawa zipigiwe kura mikono juu, tuwaone. Kumwondoa kiongozi ni jambo la aina nyingine, kwa kuwa anayeondolewa mara nyingi ndiye mwenye kisu, yeye au marafiki zake ndani ya chama. Hapo mimi niko upande wa sanduku. Aliyepokea bahasha atafutwe na TAKUKURU, ndiyo kazi yake.

Lakini sanduku peke yake halitoshi, na hapa ndipo mjadala wetu unapokwenda kombo. Wale wanane wa Bukoba kura ya siri isingewasaidia kitu, maana hawakufika kwenye kura. Walinaswa kwenye karatasi ya sahihi. Karatasi hiyo ingepelekwa moja kwa moja kwa mtu mmoja mwenye kiapo cha kutunza majina, yeye akahesabu na kutamka tu kwamba idadi imetimia au haikutimia, mkutano ungeitishwa bila kujulikana nani kaanza.