Bluu Iliyofichwa Chini ya Kiti

Ukitaka kujua rangi halisi ya gari la zamani, usiangalie mahali watu huangalia. Fungua kiti cha nyuma. Ng'oa kisahani cha majivu ya sigara. Tafuta ule mkunjo wa kitambaa ambao fundi aliubana kwa pete za waya miaka hamsini iliyopita na haujaona jua tangu siku hiyo. Hilo nilifundishwa na mjomba wangu pale Kirinyaga Road, Nairobi, akishona viti vya matatu na vya Peugeot za wazee waliostaafu. Sikudhani ningekuja kulihitaji huko Hamtramck, Michigan.

Hamtramck ni mji mdogo uliozungukwa karibu kila upande na jiji la Detroit. Zamani ulikuwa mji wa Wapolandi. Siku hizi utasikia adhana, utakula biriani ya Wabangladeshi na mkate wa Wayemeni. Nilipohamia kwa dada yangu huko, nilipata kazi ya Jumamosi kwa fundi wa viti vya magari. Aliniuliza kama najua kushona vinili, ile plastiki laini inayojifanya ngozi. Nikamwambia mimi nimetoka Grogan. Hakuelewa, lakini alinipa mkasi.

Gari lililonifanya niandike haya lilikuja Aprili, likivutwa kwa trela. Dodge Challenger ya mwaka 1970. Kwa wasiojua, hii ni mojawapo ya yale magari ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli: milango miwili, bodi ya wastani, injini kubwa kuliko inavyohitajika na mtu mwenye akili timamu. Wengi husema yalianza na Pontiac GTO mwaka 1964. Challenger ilikuja ikiwa imechelewa, lakini ikaja na kelele. Rangi zake za nje zilikuwa na majina ya utani, kama Plum Crazy na Go Mango, na vijana wa enzi hizo walizigombania jinsi sisi tunavyogombania kupanda nganya mpya.

Mwenye gari alikuwa mzee Mweusi wa miaka sabini na kitu. Nitamwita Mzee tu. Alikuwa anauza. Mjukuu wake alikuwa ameitwa chuo kikuu na karo haikuwa mzaha. Mnunuzi alikuwa amepatikana, bei ilikuwa nzuri, sharti lilikuwa moja: ndani ya gari kuwe na rangi yake ya asili, yote ifanane, bila kasoro. Rangi isipofanana, bei inashuka.

"Rahisi," nilisema. Si kuna kibati?

Kweli kipo. Magari ya Chrysler ya miaka ile yana kibati kidogo cha chuma ndani ya boneti, upande wa kushoto, kimeandikwa misimbo kama ujumbe wa siri. Cha Mzee kilisema H6B5. Herufi na tarakimu za mwanzo zinaeleza daraja na aina ya viti. Mbili za mwisho ndizo rangi: X9 ingekuwa nyeusi, B5 ni bluu. Na rangi ya nje? EB5. B5 tena. Lakini ukiweka kipande cha kiti karibu na mlango wa nje, si bluu moja. Msimbo unakwambia jina la rangi. Haukwambii rangi.

Ndipo tukafungua kiti cha nyuma, na ndani ya springi tukakuta karatasi.

Wapenzi wa magari haya huitafuta karatasi hiyo kama dhahabu. Ilikuwa ikisafiri na gari kiwandani, ikimwambia kila mfanyakazi aweke nini: injini gani, redio gani, viti gani. Ikishamaliza kazi ilikuwa takataka, kwa hiyo mtu aliisokomeza kwenye springi za kiti na kuendelea na gari linalofuata. Wakati mwingine aliyeisokomeza hakujali ni ya gari lipi, na leo kuna watu wanaofungua viti vyao kwa furaha wakakuta historia ya gari la jirani. Hakuna aliyeiweka kama kumbukumbu. Imebaki kwa sababu ilitupwa mahali ambapo jua na ufagio havifiki.

Yetu ilikuwa imekauka na kuliwa na kutu pembeni, lakini B5 ilisomeka. Kando yake, kwenye mkunjo wa vinili, nikaona bluu yenyewe. Nzito, baridi, kama bahari ya Kilifi saa kumi na mbili asubuhi. Viti juu yake vilikuwa vimegeuka karibu kijani.

Sababu yake si uchawi. Vinili huwa laini kwa sababu imechanganywa na kemikali za kuilainisha. Miaka inavyokwenda, kemikali hizo hutoka polepole. Ule ukungu wa mafuta unaoufuta kwenye kioo cha mbele cha gari lililokaa juani ni sehemu ya kiti chako ikiondoka. Plastiki inakauka, inapasuka, na huku ikizeeka inaelekea umanjano. Bluu ikitiwa umanjano inakuwa kijani. Jua nalo linakula rangi yenyewe kutoka juu. Kwa hiyo ukichukua sampuli pale kitini unapokaa, unanakili ugonjwa.

Basi nikadhani kazi imeisha: tuchukue bluu ya mkunjo, tupulizie kila kitu. Nilipofungua mkono wa mlango, chini yake, mahali ambapo pia hapakuwa pameona jua, kulikuwa na bluu nyingine. Ilikuwa imepauka kidogo na kuelekea zambarau. Chini ya kibati cha kizingiti, zulia lilikuwa na bluu ya tatu. Na mhimili wa usukani, ambao ni chuma kilichopigwa rangi, ulikuwa na ya nne.

Hili halikuwa kosa la kiwanda kimoja. Ndivyo magari yote ya enzi hizo yalivyokuwa. Viti ni vinili iliyogandishwa juu ya kitambaa. Paneli za milango ya Challenger zilifinyangwa kwa plastiki ngumu. Zulia ni nyuzi zilizochovywa kwenye rangi. Chuma kinapuliziwa. Kila kitu kilitoka kwa mtengenezaji wake, kwa kemia yake, kikaambiwa kiwe bluu ileile. Kinachong'aa zaidi huonekana cheusi zaidi hata kama rangi ni moja. Zaidi ya hapo, rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya gereji na kukosana mara tu ukitoka nje, kwa sababu zimechanganywa kwa viungo tofauti na kila mwanga unachagua cha kuonyesha. Ndiyo maana fundi anayejua kazi hupulizia kadi kadhaa, akazisubiri zikauke, kisha akazitazama kivulini, juani na chini ya taa. Kuna mashine za kupima rangi, ndiyo, lakini ziweke juu ya vinili yenye mikunjo kama ngozi ya mamba uone zitakavyobabaika.

Nikamwita Mzee. Nikamwonyesha bluu zake nne.

Alicheka. "Kijana, unadhani laini ilitungoja tulinganishe bluu?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa amefanya kazi Dodge Main.

Dodge Main kilikuwa kiwanda kikubwa kilichotoa gari lile. Ndugu wawili, John na Horace Dodge, walianza kukijenga Hamtramck mwaka 1910, na mwaka 1914 wakatoa gari la kwanza lenye jina lao. Wote walifariki mwaka 1920. Mwaka 1928 Chrysler ikainunua kampuni. Wapolandi walihamia kuzunguka lango lake. Baadaye Wamarekani Weusi waliotoka majimbo ya kusini walipata kazi humo, mara nyingi zile za joto, moshi na mgongo.

Mzee aliajiriwa mwaka 1968, akiwa kijana wa umri wa wengi wenu mnaosoma hapa. Mwaka mmoja kabla, Julai 1967, Detroit ilikuwa imewaka moto na watu 43 wakafa. Mei 1968, wafanyakazi wa Dodge Main waligoma bila idhini ya chama chao, wakisema laini inakimbizwa kupita kiasi. Adhabu ziliwaangukia Weusi kwa uzito zaidi. Baadhi yao, akiwemo General Gordon Baker (General ni jina lake, si cheo), wakaanzisha vuguvugu lililojulikana kama DRUM, neno linalomaanisha ngoma. Walichapa vijikaratasi, wakavigawa langoni, na walipambana na kampuni na chama cha wafanyakazi kwa pamoja. Baker alifutwa kazi. Mfano wao ukasambaa hadi viwanda vingine vya Detroit.

Challenger ya Mzee ilipita kwenye laini hiyohiyo, baada ya yote hayo. Mwenyewe hakuinunua mpya. Aliipata mkononi miaka ya themanini, kwa bei ya kutupa. Akiwa kwenye laini alikuwa akifunga viti. Pengine alifunga hivi, pengine hakufunga. Hakutaka kudai asichokijua.

Kilichonishangaza ni hiki. Katika maonyesho ya hali ya juu ya magari haya, waamuzi hawataki gari ling'ae tu. Wanataka liwe kama lilivyotoka kiwandani siku ile, hata alama za kalamu ya nta ambazo mkaguzi alizichora kwa haraka kwenye chuma kuonyesha kwamba amepita. Kuna watu wanaolipwa kuziiga alama hizo, mchoro kwa mchoro. Mtu anahifadhi mchirizi wa rangi uliomponyoka kijana aliyechoka mwaka 1970, lakini mwulize huyo kijana alikuwa nani, anakukodolea macho.

Na kiwanda? Challenger za kwanza zilikoma mwaka 1974, baada ya bima, sheria za moshi na bei ya mafuta kuyabana magari ya misuli. Dodge Main kikafungwa Januari 1980 na kubomolewa mwaka uliofuata. General Motors ilitaka kujenga hapo, ila ilitaka na mtaa wa jirani, Poletown. Jiji likatumia sheria kuutwaa. Watu zaidi ya 4,000 waliondolewa, na kanisa lao likavunjwa Julai 1981 baada ya waumini kulikalia kwa wiki kadhaa. Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa bomoabomoa. Kitu kimoja kilibaki: Beth Olem, makaburi ya Wayahudi. Yako mpaka leo ndani ya uzio wa kiwanda cha GM, na hufunguliwa kwa wageni siku mbili tu kwa mwaka. Nilipoyasikia nilifikiria ule mkunjo chini ya kiti.

Nikamwambia Mzee msimamo wangu. Tulinganishe kila kifaa na bluu yake iliyofichika: viti na bluu ya viti, paneli na ya paneli. Nne zibaki nne. Hiyo ndiyo asili.

Alinitazama kwa huruma kidogo. "Mnunuzi hanunui asili. Ananunua anachokumbuka, na alikuwa hajazaliwa." Kisha akasema jambo ambalo sikuwa na jibu lake: "Mjukuu wangu anaanza Agosti."

Kwa hiyo tulipulizia bluu moja. Sitajisifu wala sitajilaumu. Tulichagua ya mkunjo wa kiti, tukafanya kadi kumi na moja kabla ya kuipata, na Jumamosi ya mwisho mnunuzi alizunguka gari lile juani na kivulini akikosa la kusema. Alilipa bei kamili. Ukikaa ndani sasa, ni bluu tupu kila upande, nadhifu kuliko ilivyowahi kuwa siku yoyote ya maisha yake.

Lakini kabla ya kufunga kiti cha nyuma, Mzee aliomba vitu viwili. Kwanza, mgongo wa paneli za milango usiguswe, ubaki na bluu yake ya zambarau. Pili, karatasi ya kiwanda ingekwenda kwa mnunuzi ndani ya fremu, sawa, ila nakala yake irudi mahali pake.

Aliichukua ile nakala, akaigeuza, akaketi juu ya ndoo na kuandika nyuma yake kwa kalamu ya nta. Yalikuwa majina. Watu wa sehemu yake kwenye laini, wale aliowakumbuka. Alikwama kwa mmoja, akakuna kichwa, akamtaja kwa jina la utani. Aliandika kama robo saa. Jina lake mwenyewe hakuandika mpaka nilipomuuliza.

Kisha akaikunja, akaisokomeza kwenye springi, na akanipa koleo la kubania pete. Nikafunga kiti.