Mwarobaini na Ugonjwa Wenye Jina Tamu

Julai Nangwa kuna baridi ya kung'ata masikio. Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, hujifunika wingu tangu alfajiri, na kila nyumba inachemsha chai. Mwaka niliokwenda kumsalimia mama nikakuta birika lipo motoni, sukari haipo. Mezani palikuwa na kikopo cha unga wa kijani: majani ya mwarobaini yaliyokaushwa na kusagwa, kanunua mnadani.

"Hii inaua sukari, mwanangu," akaniambia. "Kitamu kinafukuzwa na kichungu."

Vidonge alivyopewa zahanati vilikuwa juu ya kabati. Pakiti haijafunguliwa.

Sikubishana naye. Nilirudi mjini nikaanza kusoma, maana ndivyo tulivyo sisi watu wa vitabu: tukiogopa, tunasoma. Kumbe maneno ya mama yana ukoo mrefu. Mwarobaini wenyewe asili yake ni huko Bara Hindi, na katika vitabu vya Kisanskriti vya tiba ya Ayurveda unaitwa nimba. Kimojawapo ni Charaka Samhita, chenye umri wa karibu miaka 2,000. Humo ladha ni sita: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na, hapa nikasimama kidogo, ukakasi.

Sisi wa Kiswahili zote sita tunazo, na nyingi tumeshazihamishia moyoni. Mwenye hasira ni mkali. Msiba ni uchungu. Anayekuza habari anatia chumvi. Jambo lisilokaa sawa, siku hizi tunasema lina ukakasi. Waliokiandika kitabu kile wangetuelewa upesi, kwani kwao ladha haiishii ulimini. Utamu hujenga mwili na kutuliza nafsi, lakini ukizidi huleta unene, uvivu na usingizi. Uchachu huamsha akili. Uchungu hukausha mafuta na majimaji yaliyozidi mwilini.

Hesabu za namna hii si ngeni kwetu. Pwani watu wamegawa vyakula vya joto na vya baridi tangu zamani. Maneno safura na balghamu tumeyapata kwa Waarabu, ambao waliirithi elimu ya nyongo na makohozi kutoka kwa Wagiriki. Ibn Sina aliipanga vizuri katika Kanuni yake, aliyoimaliza mwaka 1025. Tunayatamka kila siku bila kujua kwamba tunataja nadharia nzima ya mwili.

Sasa njoo kwenye ugonjwa wa mama. Sisi tunauita kisukari. Kwa Kisanskriti ni madhumeha, yaani mkojo wa asali. Waganga wale walishaona kuwa mkojo wa mgonjwa huvuta sisimizi, karne nyingi kabla Mwingereza Thomas Willis hajaandika juu ya utamu huo katika karne ya 17. Charaka anataja na visababishi: raha ya kukaa, raha ya kulala, mtindi, maziwa, nafaka mpya, sukari guru. Nikacheka peke yangu. Ukiwaambia watu wa Hanang waache mtindi, umewaambia wahame.

Kwa hiyo mama alikuwa amepatia nusu. Nusu ya pili ipo katika kitabu kilekile. Charaka anaonya kuwa uchungu ukizidi hukausha mwili, hukondesha, huchosha na kuleta kizunguzungu. Mama alikuwa anakonda. Kizunguzungu alikilalamikia kwenye simu mara mbili. Sisemi ni mwarobaini uliomfanya hivyo. Sukari iliyoachwa bila dawa inaweza kufanya hayo yote. Nasema tu kwamba hata wazee wa ladha sita hawakumwambia mtu anywe uchungu bila kipimo.

Na ulimi una mwisho wake. Waganga wale waliutambua ugonjwa, wakaupa jina, wakapanga chakula cha mgonjwa, wakasifu shayiri. Lakini kwa watoto na vijana ambao miili yao haitengenezi insulini, hakuna ladha iliyowaokoa. Ilibidi kungoja mpaka 1921, pale Banting na Best walipofanya majaribio yao Toronto, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa sindano ya kwanza. Aliishi miaka mingine 13. Ulimi ni shahidi mzuri, ila hukumu si yake.

Nilirudi Nangwa mwezi uliofuata. Nikamsomea mama ile orodha ya visababishi, kisha lile onyo la uchungu, nikilitafsiri polepole. Alisikiliza mikono ikiwa imezunguka kikombe.

"Kwa hiyo hata hao Wahindi wa zamani walisema nisizidishe?"

"Walisema, mama. Na kijiko hakijui sukari yako iko ngapi. Zahanati wanaipima."

Akanyamaza. Akaniagiza pakiti iliyo juu ya kabati, akaifungua kwa meno, akameza kidonge na chai kavu. Akakunja uso.

"Kumbe na hiki nacho ni kichungu," akasema. "Basi kitafanya kazi."