Neno la Kale kama Ushahidi wa Kihistoria: Kamusi za Kiingereza, 1604–1928

Utangulizi

Mtafiti anayekuta neno la kale katika kamusi ya Kiingereza huelekea kuamini kwamba neno hilo liliwahi kutumiwa na watu, kisha likaachwa. Makala hii inadai kwamba imani hiyo haina msingi imara. Kuwamo kwa neno katika kamusi pekee hakuthibitishi matumizi yake. Thamani yake kama ushahidi hutegemea lengo na mbinu za kamusi iliyolihifadhi. Hoja hii inajengwa kwa kulinganisha kamusi za vipindi vitatu.

Kamusi za maneno magumu

Mwaka 1604, Robert Cawdrey alichapisha London kamusi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Ilikuwa na vidahizo vipatavyo 2,500, na havikuwa maneno ya kila siku. Cawdrey aliwalenga wasomaji wasio na elimu ya juu, hususan wanawake, ili waelewe maneno ya mkopo waliyoyasikia katika mahubiri au kuyasoma katika Maandiko.

Henry Cockeram, mwaka 1623, alikwenda mbali zaidi. Sehemu moja ya kamusi yake iliorodhesha maneno ya kawaida na kuyapatia visawe vya fahari, ili msomaji aweze kuupamba usemi wake. Hapo ndipo tatizo la ushahidi linapojitokeza. Baadhi ya vidahizo vyake yalikuwa maneno ya Kilatini yaliyovishwa umbo la Kiingereza. Mfano ni “abequitate”, yaani kuondoka kwa kupanda farasi. Neno la aina hii lilihifadhiwa na kamusi, si na vinywa vya wasemaji. Kwa hiyo linashuhudia tamaa ya usomi katika karne ya 17 kuliko usemi wa karne hiyo.

Samuel Johnson na ushahidi wa nukuu

Kamusi ya Johnson ya mwaka 1755 ilikuwa na vidahizo zaidi ya 42,000 na nukuu zaidi ya 100,000 kutoka kwa waandishi. Katika dibaji yake, Johnson alikiri kwamba baadhi ya maneno aliyoyaingiza yalitegemea kamusi zilizotangulia tu, na kwamba hakuwa na hakika kama yalipatikana katika kitabu kingine chochote. Maneno hayo aliyawekea alama ya chanzo chake. Kwa hatua hiyo, alimpa msomaji njia ya kutenganisha neno lililotumika na neno lililonakiliwa.

Aidha, kamusi yake yaonesha kwamba neno laweza kubaki hai huku maana yake ikizeeka. “Silly”, ambalo asili yake ni neno la Kiingereza cha Kale lenye maana ya heri, alilifasili kwanza kuwa asiye na hila, kisha dhaifu, na mwisho mpumbavu. Msomaji wa leo anayejua maana ya mwisho pekee ataifasiri vibaya matini ya zamani bila kushtuka, kwa kuwa neno lenyewe halimwonekanii geni.

Kamusi ya kihistoria

Mwaka 1857, Richard Chenevix Trench alisisitiza kwamba mtunga kamusi ni mwanahistoria wa lugha, si mhakiki wake. Mtazamo huo ulizaa Kamusi ya Oxford, iliyotolewa kwa mafungu kuanzia 1884 hadi 1928, na ambayo James Murray alikuwa mhariri wake mkuu hadi alipofariki mwaka 1915. Wasomaji wa kujitolea walituma nukuu kwenye vikaratasi. Nukuu zilipangwa kwa tarehe, na maneno yaliyoachwa yakawekewa alama ya jambia. Ushahidi wa kila neno uliwekwa wazi ili uhojiwe.

Hitimisho

Makala imebainisha kwamba ni lazima kutofautisha neno lililokufa, neno lililobadili maana, na neno ambalo pengine halikuishi nje ya kamusi. Suala hili linawagusa pia watafiti wa Kiswahili. Kamusi ya Johann Ludwig Krapf ya mwaka 1882 inafasili Kiswahili kwa Kiingereza cha karne ya 19. Anayeitumia hana budi kuhoji mara mbili: kwanza kidahizo cha Kiswahili, kisha neno la Kiingereza lililotumika kukifafanua.