Uganda na Swali la Nani Amchague Rais

Kila taifa linalojitawala hulazimika kujibu maswali mawili: nani atampa kiongozi mkuu madaraka, na nani atakuwa na uwezo wa kumnyang'anya. Katika mfumo wa kibunge, jibu la maswali yote mawili ni Bunge. Waziri Mkuu hukaa madarakani maadamu wabunge walio wengi wana imani naye. Imani hiyo ikitoweka, naye huondoka. Katika mfumo wa urais, wananchi humpa kiongozi dhamana kwa muda uliowekwa, na Bunge haliwezi kumwondoa kwa sababu tu limemchoka. Historia ya Uganda yaonyesha jambo linaloweza kulifika taifa likiuacha mfumo wa kwanza pasipo kuingia barabara katika ule wa pili.

Tanganyika, Uganda na Kenya zilipata uhuru zikiwa chini ya Mawaziri Wakuu, kwa kufuata desturi ya Uingereza. Tanganyika iliiacha desturi hiyo mapema. Mwezi Novemba 1962 wananchi walipiga kura kumchagua Rais kati ya Julius Nyerere na Zuberi Mtemvu, na Desemba 9 mwaka huo nchi ikawa Jamhuri. Kenya ilifuata Desemba 12, 1964. Huko Mzee Jomo Kenyatta alitoka katika Uwaziri Mkuu na kuwa Rais kwa mabadiliko ya katiba, bila wananchi kupiga kura ya kumchagua Rais. Nchini Uganda mambo yalikwenda kwa njia nyingine kabisa.

Uganda ilijitawala Oktoba 9, 1962. Chama cha UPC cha Milton Obote hakikuwa na wabunge wa kutosha kuunda serikali peke yake, kwa hiyo kilishirikiana na Kabaka Yekka, chama kilichotetea ufalme wa Buganda. Mwaka 1963 Bunge lilimchagua Kabaka Mutesa wa Pili kuwa Rais. Urais huo ulikuwa wa heshima tu, kwani uendeshaji wa serikali ulibaki mikononi mwa Waziri Mkuu.

Fahali wawili hawakai zizi moja. Mwezi Novemba 1964 ilipigwa kura ya maoni katika masaza ya Buyaga na Bugangaizi, ambayo Waingereza walikuwa wameyatoa Bunyoro na kuyatia Buganda. Wakazi waliamua kurudi Bunyoro. Akiwa Rais, Mutesa alipaswa kuuheshimu uamuzi huo. Akiwa Kabaka, alipaswa kuilinda ardhi ya Buganda. Mtu mmoja alikuwa amebebeshwa viapo viwili visivyopatana, na ushirikiano wa vyama vile viwili ulikuwa umekwisha kuvunjika kabla ya kura hiyo.

Februari 4, 1966, Waziri Mkuu akiwa safarini kaskazini, Bunge lilipitisha hoja ya Daudi Ocheng iliyotaka Kanali Idi Amin asimamishwe kazi ili tuhuma za dhahabu kutoka Kongo zichunguzwe. Hoja hiyo iliungwa mkono hata na wabunge wa UPC yenyewe. Obote alitambua kwamba imani ya Bunge ilikuwa ikimponyoka. Februari 22 mawaziri watano walikamatwa wakiwa katika kikao cha Baraza la Mawaziri, na siku mbili baadaye katiba ikasimamishwa. Aprili 15 wabunge walipitisha katiba mpya bila mjadala, wakaambiwa kwamba nakala zao wangezikuta katika visanduku vyao vya barua. Siku hiyo Obote akawa Rais mwenye madaraka kamili. Mwezi Mei jeshi likaishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo, na Mutesa akakimbilia Uingereza, alikofariki mwaka 1969.

Ieleweke kwamba kasoro haikuwa katika cheo cha Rais, kwa kuwa Tanganyika na Kenya nazo zilikuwa na Marais. Kasoro ilikuwa kwamba Bunge lilipoteza uwezo wa kumhoji kiongozi, na wananchi hawakupewa uwezo huo badala yake. Uchaguzi mkuu haukufanyika tena hadi Desemba 1980. Katikati ya miaka hiyo 18, aliyeamua nani atawale alikuwa mwenye bunduki, na Januari 25, 1971 bunduki hiyo ilikuwa mikononi mwa Amin, yule yule ambaye Bunge lilitaka achunguzwe. Hata mwaka 1980 Obote aliupata Urais kwa kuwa chama chake kilitangazwa kuwa na viti vingi, katika uchaguzi ambao wapinzani waliukataa, na vita vya msituni vikafuata.

Waganda walimchagua Rais wao moja kwa moja kwa mara ya kwanza Mei 9, 1996, miaka 34 baada ya uhuru. Katiba ya mwaka 1995 iliweka ukomo wa vipindi viwili na umri usiozidi miaka 75. Bunge liliondoa ukomo wa vipindi mwaka 2005 na ule wa umri mwaka 2017.

Hapo ndipo lilipo fundisho. Mwaka 1966 Bunge lilinyimwa nafasi ya kumhoji kiongozi. Mwaka 2005 na 2017 lilizibomoa kwa kura zake lenyewe nyua zilizokuwa zimewekwa. Taifa laweza kuchagua mfumo wa kibunge au wa urais, lakini hakuna mfumo unaojilinda wenyewe. Kura humweka kiongozi madarakani. Kinachohakikisha kwamba ataondoka wakati wake ukifika ni watu na vyombo vilivyo tayari kumwambia hapana.