Habari za Mswaki, Ufizi na Kisukari

Neno mswaki lina maana mbili katika lugha yetu. Ya kwanza ni mti wenyewe, uotao penye nchi kavu na ardhi ya chumvichumvi, toka Bara Hindi na Arabuni hata pwani yetu na nyika za Wamaasai; Linnaeus aliuandika mwaka 1753 kwa jina la Salvadora persica. Ya pili ni kijiti kikatwacho katika mizizi au matawi yake, kikatafunwa ncha hata nyuzi zikachanuka. Na brashi ya kiwandani nayo imerithi jina hilo. Asili yake ni Kiarabu, siwak au miswak, yaani kitu cha kusugulia meno. Kwa kuwa sikio la Mswahili husikia mi- kuwa alama ya wingi, yaelekea ndivyo umoja wake, mswaki, ulivyopatikana. Waarabu mti wenyewe huuita arak.

Desturi hii ni ya kale kuliko Uislamu, ingawa ni Uislamu ulioipa heshima kubwa, kwa kuwa Mtume alisisitiza kupiga mswaki, na Waislamu wengi hufanya hivyo kabla ya sala. Huko Bara Hindi, kitabu cha uganga kiitwacho Sushruta Samhita chataja vijiti vya meno kwa ladha zake, na katika miti michungu chausifu mwarobaini kuliko yote. Sisi tumeupa mti huo jina kwa maradhi arobaini usemwayo kuyaponya. Nasi twaona kwamba arobaini hiyo ni hesabu ya sifa, si hesabu ya tabibu.

Kitabu hicho hicho chaeleza ugonjwa wa mkojo mtamu kama asali. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, naye aliuandika. Thomas Willis wa Uingereza alitaja utamu huo mwaka 1674, na Matthew Dobson mwaka 1776 akaonyesha kwamba ni sukari kweli, tena imo katika damu pia. Basi jina letu, kisukari, limelenga shabaha.

Jina la ugonjwa wa ufizi halikulenga vivyo hivyo. Watu wakiona damu mdomoni husema ni kiseyeye. Lakini kiseyeye halisi ni upungufu wa vitamini C, ule uliowaua mabaharia wengi, ambao James Lind aliwatibu kwa machungwa na malimau mwaka 1747. Ugonjwa tunaousema hapa hutokana na utando wa vijidudu ushikamanao na meno: ufizi huvimba, hutoka damu, huachana na jino, na mfupa ulishikao huliwa polepole hata jino likalegea. Mwenye kiseyeye hupona kwa matunda; huyu wa pili hatapona kwa matunda, na akiwa na kisukari, maji ya machungwa yatamzidishia sukari. Hapo kosa la jina huwa kosa la dawa.

Sukari ikizidi katika damu, mishipa midogo huharibika na askari wa mwili hudhoofika, hata vijidudu vya ufizi vikapata nafasi. Mwaka 1993 Harald Löe aliuita ugonjwa huu wa ufizi tatizo la sita la kisukari, baada ya yale ya macho, figo na mengineyo. Tena njia ni ya pande mbili, maana uvimbe wa ufizi huizuia insulini isifanye kazi yake vema.

Je, miti yafaa nini? Mwaka 2011 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba mzizi wa mswaki una dawa yenye asili ya namna moja na ukali wa haradali, nayo huua baadhi ya vijidudu viletavyo ugonjwa wa ufizi. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuusifu mswaki mwaka 1986, mahali ambapo ni desturi ya watu. Lakini mwenye kusugua kwa nguvu huusukuma ufizi wake nyuma na kuliacha shina la jino wazi. Na ugaga uliokwisha kuganda chini ya ufizi hautolewi na kijiti cho chote, sharti ukwanguliwe na mganga wa meno.

Karafuu yatutia mashaka zaidi. Mafuta yake yana eugenoli ituayo maumivu kweli, na matabibu wa meno wameitumia kwa miaka mingi. Ila mtu asikiapo maumivu yametulia hudhani amepona, hali mfupa ungali ukiliwa. Vibaya zaidi ni yule anywaye maji ya mwarobaini akaiacha sindano yake ya insulini, dawa iliyoanza kuokoa watu huko Toronto mwaka 1922. Kabla yake mtoto mwenye kisukari hakuishi siku nyingi.

Uchunguzi uliokusanywa mwaka 2022 waonyesha kwamba ufizi ukikwanguliwa vema, kipimo cha sukari ya miezi mitatu hushuka kwa kadiri ya nukta 0.4 katika mia. Ni kidogo, lakini kwa mgonjwa ambaye dawa zake zamfikisha karibu tu na kipimo kitakiwacho, kidogo hicho chafaa. Na kazi ya kuutunza ufizi baada ya kukwanguliwa, mswaki wa mti waweza kuifanya kila siku.